Shule Zihesabu Leseni Kabla ya Kununua Mitambo

Katikati ya Mei mwaka wa 2025, wanafunzi wa Kidato cha Nne katika shule moja ya kutwa nje kidogo ya soko la Mosocho waliingia katika chumba cha kompyuta, wakawasha skrini 30 zilizomo, na zote zikakataa kuwapokea. Stima ilikuwapo. Fundi aliyeitwa kutoka mjini Kisii alibadilisha nyaya, akazima na kuwasha mtambo mkuu mara kadhaa, kisha akajaribu kuingia yeye mwenyewe kwa mlango wa msimamizi. Mtambo ulimpokea. Akatangaza kwamba kila kitu ni kizima, akalipwa ujira wake, akaenda zake. Wanafunzi walikaa majuma matatu bila kugusa kompyuta, ilhali mtihani wa KCSE wa somo hilo una karatasi nzima ya vitendo.

Tulipozuru shule hiyo tuligundua kwamba ugonjwa ulikuwa katika leseni. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu mitambo hiyo ilinunuliwa kwa pesa za harambee, na wazazi waliochanga ni watu wanaouza ndizi na kahawa ili kupata karo.

Mpango wenyewe ulikuwa wa busara. Badala ya kununua kompyuta 30 kamili, shule ilinunua mtambo mmoja wenye nguvu, na juu ya meza za wanafunzi ikaweka skrini, kibodi na visanduku vidogo vya kuunganishia. Kila mwanafunzi huona kompyuta yake mbele yake, lakini kompyuta hiyo ni pepe: kazi yote hufanyika ndani ya mtambo mkuu. Programu inayougawa mtambo mmoja uwe kama mitambo mingi huitwa haipavaiza. Gharama ya stima hupungua, na kirusi kikiingia, fundi husafisha mahali pamoja tu.

Hata hivyo, chuma ni kimoja na ruhusa ni nyingine. Msomaji aliyewahi kusafiri kwa matatu kutoka Kisii kuelekea Kisumu analifahamu jambo hili vyema. Injini ya matatu inaweza kuvuta watu 20, lakini leseni inasema 14, na polisi barabarani huhesabu vichwa. Hawaulizi nguvu ya injini. Ndivyo zilivyo programu za kompyuta pepe.

Mtambo wa Mosocho ulikuwa ukitumia Windows Server ya kampuni ya Microsoft. Programu hiyo humruhusu mnunuzi kuwaunganisha watumiaji wengi kwa siku 120 bila leseni za watumiaji, ili apate nafasi ya kuzinunua. Siku hizo zikiisha, mlango hufungwa, isipokuwa nafasi mbili zilizoachwa kwa ajili ya wasimamizi. Mitambo iliwekwa juma la pili la Januari. Hesabu ya siku 120 ilitimia katikati ya Mei. Hiyo ndiyo sababu fundi aliingia na wanafunzi wakakataliwa. Dalili iliyomhadaa ndiyo iliyopaswa kumfunua macho: msimamizi akipita na wengine wote wakazuiwa, acha nyaya, tazama leseni.

Aliyeiuzia shule mitambo hiyo hakutaja neno hata moja kuhusu siku 120. Nayo bodi ya shule haikuuliza. Lawama hii wanaigawana.

Yako mambo mengine ambayo bodi zote za Kisii na Nyamira zingefaa kuyajua. Leseni za watumiaji huuzwa kwa njia mbili, kwa kila kifaa au kwa kila mtu. Shule yenye skrini 30 na wanafunzi 240 wanaopokezana huhitaji leseni 30 ikinunua kwa kifaa, na 240 ikinunua kwa mtu. Asiyejua tofauti hii hulipa mara nane. Tena, leseni ya Windows Server ya daraja la kawaida huruhusu kompyuta pepe mbili tu za programu hiyo katika mtambo mmoja, na huhesabiwa kwa viini vya mtambo visivyopungua 16, hata kama mtambo una 8.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kutumia haipavaiza zinazotolewa bure na makampuni makubwa. Nao wajihadhari. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware mnamo Novemba 2023. Mwezi uliofuata iliacha kuuza leseni za kudumu, na Februari 2024 ikaondoa haipavaiza ya bure iliyokuwa imetumiwa na wengi kwa miaka mingi. Aprili 2025 ikairejesha. Kinachotolewa kwa hisani ya tajiri huchukuliwa apendapo tajiri.

Wapo pia mafundi wajanja wanaofuta kumbukumbu ya mtambo ili siku 120 zianze upya. Huo ni wizi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inazilinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na shule haiwezi kuwafundisha watoto uadilifu huku ikiwafunza kwa mali ya kuiba.

Iko njia ya tatu. Ndani ya Linux kumekuwa na haipavaiza iitwayo KVM tangu mwaka wa 2007, na juu yake imejengwa Proxmox, ambayo mtu huitumia bila kulipia idadi ya viini wala ya kompyuta pepe. Anayelipa hulipia msaada wa kiufundi. Kompyuta pepe za Linux juu ya mtambo huo hazihesabiwi. Twakiri kwamba njia hii inadai mwalimu aliyefunzwa, na kwamba anayeweka Windows ndani yake bado anadaiwa leseni za Windows. Lakini kumfunza mwalimu mmoja ni gharama ya mara moja, na ujuzi wake hauishi baada ya siku 120.

Kwa hivyo twatoa wito kwa bodi za shule, na kwa serikali za kaunti zinazosimamia vyuo vya mafunzo ya ufundi, kwamba hakuna mtambo utakaolipiwa kabla ya muuzaji kuandika na kutia sahihi mambo manne: ni leseni ngapi, za aina gani, zinakwisha lini, na mwaka wa pili zitagharimu kiasi gani. Asiyeweza kuyajibu asipewe zabuni.

Nguo ya kuazima, walisema wahenga, haisitiri. Watahiniwa wa Mosocho wamelijua hilo mbele ya skrini 30 zilizowaka bila kuwafungulia.