TIKITI RAHISI IKO WAPI?



Kila mwisho wa mwezi ofisi ya tawi huulizwa swali lile lile: mtu anayekwenda Naivasha, Gilgil au Molo tu, na kurudi, atapata wapi tikiti rahisi ya gari la moshi? Leo twajibu, na jibu letu halitawapendeza wote.

Tikiti yenye bei rahisi imekuwapo. Gari la Kisumu liliporudishwa Desemba 2021, nauli ya daraja la chini kutoka Nairobi ilikuwa shilingi 600. Gari la Nanyuki, mwaka mmoja kabla yake, lilianza kwa shilingi 200. Fanyeni hesabu. Nairobi mpaka Kisumu kwa reli ni kama kilomita 400, basi shilingi 600 ni kama shilingi moja na nusu kwa kila kilomita. Kwa kipimo hicho Nakuru mpaka Gilgil, kama kilomita 40, ingekuwa shilingi 60, na Nakuru mpaka Naivasha, kama kilomita 70, haingefika 110. Waulizeni makondakta wa matatu kama watawabeba kwa fedha hizo, hasa juma la Krismasi.

Lakini gari lile lilipangwa kwa msafiri wa mwisho wa njia. Lilitoka Nairobi Ijumaa jioni likafika Kisumu asubuhi. Maana yake mtu wa Nakuru alilipanda usiku mkubwa, tena mara moja kwa juma. Kijana wa shamba la maua, ambaye mapumziko yake ni Jumapili peke yake, lingemfaa nini? Mama mwenye mgonjwa Gilgil je? Tikiti ya shilingi 60, ukiongeza bodaboda ya saa saba za usiku, si tikiti ya shilingi 60 tena.

Wengine wasema, pandeni reli mpya. Reli hiyo ilifunguliwa kutoka Nairobi Oktoba 2019, na watu huiita ya Naivasha, lakini inakoma Suswa, na mwenye kwenda Naivasha mjini hana budi kutafuta gari lingine. Kwenda Mombasa, nauli ya daraja la chini ilipandishwa Januari 2024 kutoka shilingi 1,000 mpaka 1,500, na sababu iliyotolewa ni bei ya mafuta. Mshahara wa nani uliongezwa nusu yake siku ile?

Kwa yule ambaye lazima asafiri, shauri letu ni hili. Ulizia nauli ya kituo chako, usikubali kuuziwa ya njia nzima. Nunua mapema, wala usinunue kwa mlanguzi, maana utaulizwa kitambulisho. Katika reli mpya, mtoto wa chini ya miaka mitatu husafiri bure, na wa miaka mitatu mpaka kumi na mmoja hulipa nusu. Kwa magari mengine mwulize karani kabla ya kutoa fedha.

Sisi watu wa reli tuna hatari yetu. Wazee wetu wa siku za East African Railways walisafiri likizo kwa pasi, na mtu anayebebwa na pasi hatazami bei iliyoandikwa dirishani. Fundi wa gereji, mwalimu na mchuma pareto hawakupewa pasi na mtu.

Tunalotaka si jambo kubwa. Njia ipo. Naivasha, Gilgil, Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, stesheni zote zipo. Nakuru yenyewe ni mtoto wa reli, na hapa ndipo njia ya Kisumu inapoachana na ile ya Uganda. Kutoka Longonot mpaka Malaba, kilomita 465, na kutoka Nakuru mpaka Kisumu, kilomita 217, njia ilitengenezwa upya kwa fedha za umma. Twataka mabehewa machache, yaende mchana, yasimame kila stesheni, Jumamosi, Jumapili na mwisho wa mwezi, na nauli ihesabiwe kwa kilomita.

Mabwana wakubwa watasema hakuna faida. Watazame barabara. Ujenzi wa Rironi mpaka Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na kwa mpango uliotangazwa magari yatalipia kila kilomita. Mwenye matatu hatalipa kutoka mfukoni mwake, atakulipisha wewe. Kudai gari la moshi baada ya siku hiyo ni kuchelewa.

Basi kila mwanachama aandike safari zake za mwezi huu: alitoka wapi, alikwenda wapi, siku gani, saa ngapi, alilipa nauli kiasi gani. Karatasi moja yatosha. Msituletee malalamiko marefu, maana hayo wameyasikia na wameyazoea. Twataka safari na shilingi. Makatibu wa matawi wakusanye karatasi hizo kabla ya mwisho wa mwezi, wazijumlishe kwa kila stesheni, kisha ujumbe uende kwa wenye reli na hesabu mkononi. Ambaye hawezi kuandika, mwenzake amwandikie.