Jembe Si Adhabu, Cheo Si Pumziko

Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na mavazi peke yake. Unakaa pia katika namna watu wanavyogawana kazi, na namna wanavyogawana heshima. Anayetaka kujua taifa fulani linathamini nini hana haja ya kuanzia kwenye jumba la makumbusho. Na aende shuleni alfajiri, kabla ya kengele ya paredi, akatazame ni nani anayefagia, na ni nani aliyesimama akiwatazama wanaofagia.

Sisi tulioutumikia umma kwa miaka mingi tumezitembelea shule za mijini na za vijijini, na katika nyingi kati ya hizo tumeyakuta mambo mawili yaliyokwisha kuwa desturi. La kwanza, kiranja hafagii. Kuchaguliwa kwake ndiko kusamehewa kwake. Kazi yake ni kusimama kivulini na kuandika majina ya wasiofagia. La pili, mwanafunzi aliyechelewa, aliyepiga kelele au aliyekosa kazi ya nyumbani huadhibiwa kwa kupewa jembe alime, au fyekeo akafyeke nyasi nyuma ya bweni.

Wengi huyaona mambo haya kuwa madogo. La hasha! Mtoto anayeishi katika desturi hizi kwa miaka minne anafuzu masomo mawili ambayo hayamo katika muhtasari wowote. Anafundishwa kwamba cheo ni pumziko, na kwamba kazi ya mikono ni mateso ya wakosaji. Halafu siku moja mtoto huyo anakuwa mtendaji wa kata, au bwana shamba, au mganga wa zahanati, nasi tunashangaa kumwona anawafokea wananchi na kuogopa tope! Twashangaa nini? Tulimsomesha wenyewe, naye akafaulu.

Desturi hizi hazikutoka kwa wahenga wetu. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, maana yake mkubwa ndiye anayetupiwa kila takataka, naye hana budi kuipokea. Kwa Wamaasai, laigwanan huchaguliwa kutoka ndani ya rika lake, huishi na rika hilo, na aibu ya rika ni aibu yake. Kwa Wapare, kazi ya msaragambo, iwe ni kuchimba mfereji au kutengeneza njia, iliwatoa watu majumbani pamoja, na heshima ya mtu ilipimwa hapo hapo kazini. Hatusemi kwamba zamani kulikuwa peponi. Walikuwapo watemi waliokula jasho la watu, na wanawake walibebeshwa zaidi ya haki yao. Tunasema tu kwamba jembe halikuwa alama ya fedheha.

Fedheha hiyo ililetwa na utawala wa kigeni. Ndio uliomtoza mtu kodi ya kichwa, na aliyeshindwa kulipa akapelekwa kufanya kazi kwa amri. Ndio uliomweka mnyapara juu ya vibarua wa mkonge, mtu ambaye sifa yake kubwa ilikuwa kutoshika panga yeye mwenyewe. Na katika shule zake za bweni, kama ile ya Serikali ya Tabora iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili hasa ya watoto wa machifu, ulileta utaratibu wa viranja kutoka shule za mabwana wa Kiingereza, kusudi watoto hao wazoee kuamuru. Bendera ya mkoloni ilishushwa mwaka 1961. Mnyapara wake bado yumo mabwenini mwetu, amevaa tai.

Si kwamba hatukuonywa. Mwezi Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na hasa sharti la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara katika muda wa utumishi huo. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao kwa mamia. Lakini hakuishia kuwakemea vijana. Alikubali kwamba mishahara ya viongozi nayo ilikuwa mikubwa mno, akaupunguza wa kwake kwa asilimia 20. Yako mengi ya kubishana juu ya adhabu ile. Juu ya mfano ule hakuna ubishi. Aliyetaka wengine wajinyime alianza kujinyima yeye.

Mwezi Machi 1967 ukafuata waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Humo aliuliza kama kweli ni lazima shule za sekondari ziajiri watu wa kufagia na kutunza bustani, hali zina vijana wenye nguvu. Alitaka shule iwe na shamba. Lakini alitaka pia wanafunzi washiriki katika kupanga na kuamua mambo ya shamba hilo. Shule nyingi zililichukua jembe zikaliacha shauri. Wanafunzi waliambiwa walime. Hawakuulizwa walime nini, wala hawakuambiwa mavuno yaliuzwa kiasi gani na fedha zilinunua nini. Kulima namna hiyo si kujitegemea. Ni umanamba wenye sare za shule.

Basi, uongozi wa wanafunzi na utumishi kwa jamii humkuzaje kijana? Tutoe mifano, maana maneno makubwa hayashibishi.

Mtazame kiranja wa chakula anayeifanya kazi yake sawasawa. Anaamka kabla ya wenzake, anakwenda stoo kushuhudia mahindi na maharage yakipimwa, anaandika kilo katika daftari na kutia sahihi yake. Bwaloni anapakua, naye hula mwisho. Rafiki yake wa kitanda kimoja akija na bakuli la pili kabla wote hawajapata, hana budi kumwambia hapana. Kijana huyo anajifunza hesabu ambayo matokeo yake ni shibe au njaa. Anajifunza kwamba sahihi ya mtu ni ahadi. Zaidi ya hayo, anajifunza kumnyima rafiki yake kisicho haki yake na bado kubaki rafiki yake. Na laiti watumishi wote wa umma wangalijifunza hilo wakiwa na miaka kumi na sita!

Tazama pia kampeni ya kufuta ujinga. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu 67 katika kila watu wazima 100 hawakujua kusoma. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kwa kuwa walimu wa kulipwa hawakutosha, waliingia walimu wa kujitolea, wakiwamo wanafunzi wa madarasa ya juu ya shule za msingi. Mtihani wa kitaifa wa mwaka 1975 ulionyesha kwamba wasiojua kusoma wamepungua hadi kiasi cha 39 katika 100. Hesabu hiyo ni fahari ya taifa, lakini kuna faida ambayo haikuandikwa popote. Mtoto aliyemfundisha bibi kizee kuandika jina lake ilimpasa kwanza aamkie shikamoo, ndipo aandike herufi ubaoni. Alitambua kwamba elimu haiondoi adabu. Kwamba mtu asiyejua kusoma aweza kujua mambo mia ambayo yeye hayajui. Na kwamba jambo unalodhani unalijua hulijui mpaka umeweza kulieleza kwa mwingine. Aliyekwenda kufundisha ndiye aliyerudi amefundishwa.

Wapo wanaotupinga, nasi tutawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza husema: "Mtoto ameletwa shule asome, hakuletwa kulima, mtihani haumwulizi habari za ufagio." Twawauliza: shule nyingi za kata zilizojengwa chini ya mpango wa elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, msingi wake ulichimbwa na nani? Wananchi walisomba mawe, mchanga na maji, wakafyatua matofali, na wengi wao hawakupata kusoma sekondari. Mtoto anayekaa ndani ya kuta hizo ana deni. Hatusemi alipe kwa kuacha vitabu. Saa mbili au tatu kwa juma za kulinda chemchemi ya kijiji, kuotesha miche, au kuwasomesha watoto wadogo, hazimwangushi mtu mtihani. Wanaomwangusha ni wavivu wenzake, na uvivu ni ugonjwa ambao kazi ndiyo dawa yake.

Wa pili husema kwamba kiranja akishika ufagio atadharauliwa. Hayo ni mawazo ya mnyapara. Anayedharauliwa ni yule anayeamuru asichoweza kukitenda. Fimbo haimpi mtu heshima, nazo kanuni za nchi yetu hazimruhusu mwanafunzi kumchapa mwanafunzi mwenzake. Kiranja mwenye fimbo anavunja sheria mbele ya macho ya waliomchagua.

Wa tatu wana hoja nzito, nasi hatutaikwepa. Husema kwamba wako walimu wanaowatuma wanafunzi kulima mashamba yao binafsi, kuwachotea maji na kuwafulia nguo, na kuliita jambo hilo elimu ya kujitegemea. Ni kweli, wapo, na huo ni wizi. Tena mara nyingi wasichana ndio wanaopelekwa kisimani na jikoni, hali wavulana wanakwenda uwanjani. Lakini mwizi akivaa kanzu, hatuichomi kanzu, tunamvua. Kazi ya shule iwe ya shule au ya jamii, isiwe ya mtu. Ijadiliwe kwanza katika baraza la wanafunzi. Igawanywe sawa kwa wavulana na wasichana. Na hesabu yake ibandikwe ukutani, kila mwenye macho aisome.

Kuna na ugonjwa mpya, nao ni utumishi wa picha. Wanafunzi thelathini wanakwenda kwenye makao ya wazee na miche miwili ya sabuni, wanapiga picha arobaini, wanaandikiwa vyeti, wanarudi kabla ya chakula cha mchana. Mzee aliyepigwa picha hakuulizwa hata jina lake. Kutoa ni moyo, na moyo haupigwi picha. Heri mwanafunzi mmoja anayekwenda kila Jumamosi kumtekea maji mzee mmoja, mpaka mzee akamzoea na kumgombeza akichelewa.

Wengine watasema, tungoje. Vijana watanyooshwa baada ya kidato cha sita. Ni kweli kwamba mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa kwa vijana hao, yaliyositishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013, nasi twayaunga mkono. Lakini miezi michache kambini itafuta vipi desturi iliyolelewa kwa miaka mingi? Samaki mkunje angali mbichi.

Walimu wetu, mambo matatu yamo mikononi mwenu, wala hayahitaji bajeti. Likomesheni jembe kuwa adhabu. Mkosaji atafutiwe adhabu nyingine, na kulima kubaki kazi ya watu wenye heshima. Kiranja awe na sehemu yake ya kufagia, tena ile chafu kuliko zote. Na ninyi wenyewe mshike mpini mara moja moja mbele ya wanafunzi, kwani jicho la mtoto huamini haraka kuliko sikio lake.

Nanyi wanafunzi, siku ya uchaguzi msimpe kura mgombea anayegawa peremende. Anayenunuliwa leo kwa peremende atanunuliwa kesho kwa kanga na kilo ya sukari, na keshokutwa atalalamika kwamba nchi haina viongozi. Mchagueni yule ambaye bweni lilipokosa maji alichukua ndoo bila kutumwa. Na ukichaguliwa wewe, usiulize umepata nini. Uliza zamu yako ya kudeki inaanza lini.