UCHANGANUZI: Makanisa madogo ya Webuye yakumbuke yalizaliwa kwa mabadiliko

KILA Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, vijiji vinavyozunguka mji wa Webuye hujaa mlio wa njuga. Wavulana wa Kibukusu hupita kwa jamaa zao wakiwaalika katika sherehe za tohara, huku umati wa vijana ukiwafuata kwa nyimbo.

Kwa makanisa madogo ya eneo hilo, mwezi huo huwa mtihani. Vijana wako barabarani, na mahubiri yanayokemea mila hiyo huwafikia wazee ambao tayari wanayakubali.

Mvutano huo ni dalili tu ya swali kubwa zaidi. Je, kanisa la waumini hamsini, lenye paa la mabati na mhubiri asiye na mshahara, litadumu vipi katika enzi ambapo kijana husikiliza mahubiri ya Nairobi na Lagos kwenye simu yake, sadaka hutumwa kwa simu na serikali inataka kuona stakabadhi?

Waumini hawajaadimika nchini. Sensa ya 2019 ilionyesha kwamba asilimia 85.5 ya Wakenya walijitambulisha kuwa Wakristo, na takriban milioni 3.3 kati yao walikuwa katika makanisa yaliyoasisiwa na Waafrika wenyewe. Kinachoadimika ni imani ya vijana kwa wale wanaoyaendesha makanisa hayo.

Webuye ina mzigo wake wa ziada. Kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, kilichoujenga mji huo na kuulisha kwa miongo mitatu na zaidi, kilifungwa mapema 2009. Kiliuzwa kwa familia ya Rai mnamo 2016, lakini mji haujarejelea hali yake ya awali.

Mishahara ilipokatika, sadaka nazo zilipungua. Vijana walielekea Eldoret, Nakuru na Nairobi. Mkulima wa miwa naye, ambaye alikuwa tegemeo la pili la kanisa, kwa miaka mingi alisubiri malipo yaliyochelewa kutoka kiwanda cha Nzoia, hadi serikali ilipokikodisha kwa kampuni ya West Kenya mwaka 2025.

Katika hali hiyo, viongozi wengi wa makanisa madogo wamechagua kushikilia yale waliyoyazoea. Yeyote anayependekeza jambo jipya huonekana kama anayeleta dunia ndani ya hekalu. Hapo ndipo historia inapowasuta.

Mathalani, Wamishenari wa Friends kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na kazi yao ikaenea hadi Lugulu, kando ya barabara ya Webuye kuelekea Kitale, ambako shule na hospitali zinaendelea kuhudumu. Utulivu wa kimya ambao ni desturi ya ibada ya Friends katika nchi nyingine haukutamalaki hapa. Nyimbo na mahubiri vilitawala, na leo Kenya ndiyo yenye wafuasi wengi zaidi wa Friends duniani.

Mnamo 1927, uamsho ulizuka Kaimosi kwenyewe. Waliodai kujazwa Roho walikataliwa na wakubwa wa misheni, wakatoka na kuanzisha ibada zao. Kutoka kwao yalichipuka makanisa ya Roho ambayo mavazi yao meupe bado yanaonekana kila Jumapili magharibi mwa Kenya.

Mwaka 1942, Zakayo Kivuli alitoka katika misheni ya Kipentekoste ya Nyang'ori na kuasisi African Israel Church Nineveh. Ngoma, bendera na maandamano ya barabarani, ambayo leo yanachukuliwa kuwa ukongwe, wakati huo yalikuwa uvumbuzi uliowashangaza wengi.

Karibu zaidi na Webuye, Elijah Masinde wa Maeni, aliyelelewa katika Friends, aliongoza Dini ya Msambwa iliyotetea kafara na mila za Kibukusu. Serikali ya kikoloni iliipiga marufuku mwaka 1948, mwaka ambao polisi waliwaua wafuasi wake kwa risasi huko Malakisi. Mtu anaweza kumkubali Masinde au kumpinga, lakini kosa alilolifichua halikanushiki: dini inayomtaka mtu aache utu wake wote mlangoni humfanya atafute mlango mwingine.

Kwa hivyo, mabadiliko si mgeni katika makanisa haya. Ndiyo yaliyoyazaa. Mzee anayemkataza kijana gitaa leo huenda ni mjukuu wa aliyefukuzwa misheni kwa sababu ya ngoma.

Funzo la hivi karibuni zaidi lilitolewa na janga la Covid-19. Ibada zilisitishwa Machi 2020. Ziliporuhusiwa tena Julai mwaka huo, masharti yalikuwa makali: watu wasiozidi 100, saa moja tu, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani.

Idadi ya watu 100 haikuwa tatizo kwa kanisa dogo. Tatizo lilikuwa umri. Kwa masharti hayo, mzee wa kanisa mwenye miaka 60 alipaswa kubaki nyumbani, na ibada kuendeshwa na wale ambao hawakuwa wamewahi kukabidhiwa hata funguo. Kanisa lililowarejesha vijana hao kwenye viti vya nyuma mara tu masharti yalipolegezwa lilipoteza somo ambalo lilikuwa limelipiwa kwa gharama kubwa.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba kubadilika ni kununua vipaza sauti. Kelele za usiku kucha zimewachosha majirani, na kanuni za mwaka 2009 kuhusu udhibiti wa kelele hazikuyasamehe makanisa. Kadhalika, kupeperusha ibada kwenye Facebook hakutalisaidia kanisa ambalo mambo yake ya ndani hayawezi kuonyeshwa hadharani.

Mfano bora ni pesa. Tangu M-Pesa ilipozinduliwa Machi 2007, mwana wa Webuye anayefanya kazi Nairobi anaweza kutuma fungu lake la kumi kabla ibada haijaisha. Swali ni: analituma kwa nani?

Pale sadaka zinapoingia katika nambari binafsi ya mchungaji au mweka hazina, pesa za Mungu na za unga huchanganyika mfukoni mmoja. Akifariki, akihama au akikosana na wenzake, huondoka na kila kitu. Nambari ya malipo iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, yenye waweka sahihi zaidi ya mmoja, huondoa shaka hiyo. Lakini ili kuipata, lazima kanisa liwe na cheti cha usajili, maafisa waliochaguliwa na kumbukumbu za mikutano.

Ndivyo ilivyo hata kwa kiwanja. Kanisa lililojengwa katika ardhi iliyoandikishwa kwa jina la mwasisi linaweza kujikuta bila makao siku warithi wake watakapoamua kugawana. Teknolojia yote ya dunia haitaliokoa kanisa hilo. Hatimiliki italiokoa.

Suala hili la uwazi ndilo lililowakera vijana wa Gen Z mwaka 2024. Maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha Juni mwaka huo hayakuishia Bungeni. Hasira zao ziligeukia pia makanisa yaliyopokea mabunda ya noti kutoka kwa wanasiasa. Julai, Rais William Ruto alitangaza kuwapiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee. Novemba, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi likakataa mamilioni aliyoyatoa yeye mwenyewe katika kanisa moja la Soweto, Kayole.

Kanisa kubwa linaweza kurudisha mamilioni na bado likalipa umeme. Kanisa dogo la Webuye lina kishawishi kikubwa zaidi, kwa kuwa mbunge mmoja akija na mabati hamsini, paa limekwisha. Ila kijana anayeketi chini ya paa hilo atauliza limelipiwa kwa pesa za nani.

Serikali nayo haiko mbali. Januari 2016, kanuni zilizotaka wahubiri wawe na vyeti vya theolojia ziliondolewa baada ya viongozi wa dini kuzipinga vikali. Kisha yakaja maafa ya Shakahola mwaka 2023, ambapo miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Jopo lililoongozwa na Kasisi Mutava Musyimi liliwasilisha ripoti yake Julai 2024, likipendekeza sheria mpya ya kusimamia mashirika ya dini.

Bungoma ilionja tuhuma hizo mapema. Mei 2023, Eliud Wekesa, anayejulikana kama 'Yesu wa Tongaren', alikamatwa na kuchunguzwa, kisha akaachiliwa kwa kukosekana kwa ushahidi. Katika mazingira kama hayo, kanisa dogo lisilo na katiba wala hesabu hutiwa katika kapu moja na matapeli.

Wahubiri wana haki ya kuhofia kwamba masharti ya shahada yatawafungia mlango maskini. Lakini masomo si lazima yawe ya chuoni. Shirika la Makanisa ya Kiafrika, OAIC, lililoasisiwa mwaka 1978 na lenye makao Nairobi, limekuwa likieneza mafunzo ya theolojia ambayo mhubiri huyapata bila kuacha shamba lake.

Wala wanawake, ambao ndio wengi kwenye viti, wasisubiri kizazi kingine. Septemba 2021, Rose Okeno aliwekwa wakfu kuwa Askofu wa Kianglikana wa Butere, mwanamke wa kwanza nchini kuwa askofu kamili wa dayosisi ya Kianglikana. Butere si mbali na Webuye.

Hata njuga za Agosti zina jibu. Kanisa linaweza kuendelea kulaani, na kumwacha mvulana mikononi mwa walevi na visu visivyo safi. Au linaweza kuketi na wazazi, kusimamia usafi wa shughuli yenyewe au kumpeleka mvulana hospitalini, kisha kutumia majuma ya kupona kumfunza maana ya kuwa mtu mzima. Kanisa litakalofanya hivyo litakuwa na kijana Septemba.

Wazee hawakosei wanapohofia kwamba si kila kipya ni chema. Wahenga walinena, mwacha mila ni mtumwa. Lakini mila ya makanisa haya, tangu 1927, ni kuthubutu. Hesabu zikisomwa hadharani kila mwezi na kijana mmoja akiwa miongoni mwa waweka sahihi, hakuna itikadi itakayovunjwa. Zisiposomwa, mabati yatabaki yamesimama Webuye, na ndani yake kutakuwa na viti vitupu.