Dakika mbili za mfamasia

Wagonjwa wa sainasi nawajua kabla hawajafungua mkoba. Sauti inatokea puani, kidole kinabonyeza katikati ya macho, na wengi wao dawa ya kupuliza hawaitaki. Wanataka vidonge vya prednisoloni, vile vidogo vyeupe, kwa sababu jirani alivimeza akapona ndani ya siku chache. Mimi ni mfamasia hapa Tanga, na kwa maoni yangu vidonge hivyo tunaviachia kirahisi mno, huku ile chupa ya kupuliza tukiiuza kama sabuni: bei, chenji, anayefuata.

Jirani hakudanganya. Steroidi hupoza uvimbe, na mwenye nyama za puani akimeza huweza kusikia tena harufu ya pilau kabla wiki haijaisha. Tatizo ni kwamba nafuu hiyo haikai. Tafiti zilizofuatilia wagonjwa kwa miezi mitatu hadi sita ziliona tofauti ndogo sana, au hakuna kabisa, kati ya waliomeza na wasiomeza. Basi mtu anarudi kutafuta vingine, na kila mara dawa inapita mwili mzima: sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inadhoofika, kifua kikuu kilichojificha kinaweza kuamka. Aliyemeza wiki nyingi mfululizo akaacha ghafla anaweza kuanguka, kwa kuwa tezi zake zimeshazoea kutofanya kazi. Daktari akiandika vidonge vya siku chache kwa mgonjwa mwenye nyama kubwa, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na vile vinavyohesabiwa kwenye kikaratasi bila cheti.

Sasa tazama chupa. Flutikasoni, nayo ni steroidi, hutoa mikrogramu 50 kila mpulizo. Mipulizo miwili kila tundu ni mikrogramu 200 kwa siku, na sehemu inayoishia kwenye damu haifiki asilimia 2. Kazi yake inaishia puani, ndiko kwenye ugonjwa. Kwa uvimbe uliozidi wiki 12, hii pamoja na kusafisha pua kwa maji ya chumvi ndiyo tiba ya kuanzia.

Mbona basi watu wanaitupa? Fundi seremala mmoja alinirudishia yake akasema, “Mama, hii maji matupu.” Nikamwambia, “Hebu puliza nikuone, baba.” Akainua kichwa juu kama anakunywa dafu, akavuta kwa nguvu zote. Dawa yote kooni! Hakuna aliyewahi kumwonyesha. Kichwa kinainamishwa kidogo. Mkono wa kulia unapulizia tundu la kushoto, wa kushoto tundu la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio, maana ukilenga ukuta wa katikati pua itatoa damu. Vuta hewa taratibu tu. Kabla ya hapo, suuza kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa kikombe. Halafu kila siku, hata siku ambayo pua iko wazi. Wiki mbili za mwanzo usiihukumu dawa.

Wengine wanailinganisha na matone ya kuzibua pua, ambayo hufanya kazi ndani ya dakika. Hayo si steroidi, na ukiyatumia zaidi ya wiki pua huziba kuliko mwanzo. Nao madaktari wetu, wengi huandika “2x1” na kumwita mgonjwa mwingine.

Ninachotaka ni kidogo: mpulizo wa kwanza ufanyike pale pale kaunta, mteja akipuliza, muuzaji akitazama na kurekebisha. Najua jibu la wenye maduka, kwamba foleni ni ndefu na dakika mbili hizo hazilipwi na mtu. Wazitoze kwenye bei ya chupa. Yule seremala alikuwa ameshalipia chupa nzima iliyoishia tumboni.