MUUGUZI NAYE NI MGONJWA



Kila mara twaandika hapa habari za mshahara, nyumba na saa za kazi. Leo twataka kusema habari za ugonjwa wa sukari, na hasa za mtu mmoja ambaye watu hawamwoni. Ni yule apigaye sindano ya insulini kila siku, na huku nyumbani ana mgonjwa mwingine wa kumtunza.

Watu wa namna hii wako kati yetu. Hutoka zamu ya usiku, kisha huanza zamu ya pili nyumbani: kumwosha mama aliyepooza, kupika uji, kwenda hospitali kupanga foleni. Wake zetu ndio zaidi. Mama hupiga sindano yake, halafu huwagawia watoto na wazee chakula, naye hula mwisho, pengine ukoko tu. Watu humsifu kwa upendo wake. Sisi twasema sifa hiyo ni ya hatari, kwa maana insulini haingoji mtu. Ikiisha kuingia mwilini hushusha sukari, chakula kiwepo kisiwepo. Basi sindano ya chakula isipigwe mpaka chakula kiwe tayari mbele yako.

Sukari ikishuka chini ya milimoli 4 katika kimashine cha kupimia, mtu hutoka jasho, hutetemeka, huona njaa, kisha maneno yake huchanganyika kama mlevi. Fikirini mtu huyo ameshika wenzo wa kugeuza njia za treni, au yuko jikoni na mtoto mgongoni. Hapo haanguki peke yake.

Mkimwona hivyo, mpeni mara moja vijiko 3 au 4 vya chai vya sukari katika maji, au nusu gilasi ya soda yenye sukari. Ngojeni dakika 15, mpime tena, na kama bado iko chini mrudieni. Akipata nafuu ale chakula. Akiwa amezimia, msimtie kitu kinywani. Mlazeni ubavu na kumpeleka hospitali upesi.

Jambo la pili ni fedha. Wako wanaopunguza insulini yao ili zitoshe dawa za mzazi au karo. Nia ni njema, lakini hesabu ni mbaya. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya miguu. Na yule ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, akiikosa kwa siku chache tu aweza kufa. Nani atamtunza mama hapo? Basi jioni, unapomwosha mgonjwa wako, tazama na nyayo zako mwenyewe. Mguu uliokufa ganzi hukatwa na buti bila mwenyewe kujua. Ukiona kidonda, nenda hospitali kesho yake, usingoje mwisho wa mwezi. Macho yapimwe kila mwaka. Na sindano yako usimwazime mtu, hata ndugu wa tumbo moja.

Wengine husema, “Nyumba yangu haina friji.” Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa habari za uchunguzi wao. Walipima joto la nyumba katika kambi ya Dagahaley, kule Dadaab, wakaona kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto la kupanda na kushuka kati ya digrii 25 na 37 haikupoteza nguvu yake. Basi chupa unayoitumia itunze kivulini, mahali pa baridi, mbali na jua na bati la moto, na umwulize daktari habari za aina yako. Chupa ambayo haijafunguliwa iombee nafasi katika friji ya dispensari.

Sasa twaja kwa matajiri. Sheria ya Kazi ya 2007 yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi 2 siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 tena kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Lakini siku hizo ni za ugonjwa wake mwenyewe. Siku ya kumpeleka mama hospitali hatuna budi kuidai katika mapatano. Twadai pia nafasi ya kula isiyoliwa na zamu, mahali pa baridi pa kuweka dawa, na ruhusa ya kubadilishana zamu kwa yule mwenye mgonjwa. Tena nyapara asimwandike mtu kuwa mlevi kabla hajapimwa sukari.

Lakini mapatano hayapiki chakula. Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sisi tunaotazama twauona mwepesi. Basi jirani na akae na mgonjwa huyo saa moja, ili muuguzi apate kula, kupima sukari yake na kulala kidogo. Na kila penye mwanachama apigaye sindano, wenzake wawili wajue sukari yake ya akiba iko mfuko gani.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI