Laini Hutoka, Nambari Hubaki

Mama mmoja wa Nchiru alinijia juzi amekunja uso. Mwanawe, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, ana laini mbili katika simu moja. "Mtu mwaminifu ana haja gani na laini mbili?" akaniuliza.

Msomaji, tusimhukumu kijana upesi. Mwaka 2000, Safaricom na Kencell zilipoanza kushindania wateja, simu ya mkono ilikuwa ghali. Wengi mashambani walinunua laini kabla ya simu. Mtu aliazima simu ya jirani, akatia kadi yake, akazungumza, akaitoa na kuirudisha mfukoni. Kampuni zikapata wateja wasio na simu, nao wenye maduka wakauza simu mpya na kuukuu bila kuuliza mnunuzi ni wa mtandao gani. Marekani wakati huo, simu nyingi za Verizon hazikuwa na kadi ya kutoa. Ukihama mtandao, ulinunua simu nyingine.

Mwaka 2009 serikali yetu iliondoa kodi ya VAT kwenye simu za mkono. Mwaka uliofuata, Zain, ambayo leo ni Airtel, ilishusha bei ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Wengi hawakuhama; waliongeza laini ya pili tu. Ndipo simu za laini mbili, kama za Tecno, zikapata soko kubwa.

Tangu 2011 sheria inakuruhusu kuhama mtandao na nambari yako. Mbona basi wengi wamebaki? Ni M-Pesa, iliyoanza 2007. Karo, chama na mikopo vyote vinapitia nambari ile. Laini hutoka kwa ukucha, lakini maisha yameshikana na nambari.

Hapo ndipo penye hatari. Mwizi hahitaji kuifungua simu yako. Anaweza kutoa kadi, akaitia katika simu yake na kupokea ujumbe wa siri unaotoka benki.

Kwa hivyo, mama, usimuulize mwanao ana laini ngapi. Muulize kama kila moja ameiwekea PIN yake, mbali na ile ya kufungulia simu. Ikikosewa mara tatu, kadi hujifunga hadi itiwe nambari ya PUK.

Nawe mzazi, yako umeifunga?