Maji Yamepimwa Nini?



Katika vijiji vingi vya miteremko ya Mlima Meru, mkoani Arusha, mtu hutambulikana alikozaliwa anapocheka. Meno yake yana madoa ya kahawia, na wengine wamezoea kuuziba mdomo kwa kiganja. Maji yaliyoyaharibu meno hayo ni maangavu, hayana harufu wala hayaumizi tumbo. Ukiyapima kutafuta vijidudu vya kinyesi, huenda yakafaulu vizuri kabisa. Kilichomo ni floridi itokayo katika miamba ya volkano, nayo haionekani kwa macho. Inapozidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa hupinda.

Tunasema haya kwa sababu mara kwa mara husikia kiongozi akitangaza mkutanoni kwamba "maji yamepimwa". Yamepimwa nini? Kuuliza hivyo si utovu wa adabu. Ni haki ya mwenye kunywa. Karatasi yenye mhuri husema tu juu ya kile kilichotafutwa.

Watu wa Bangladesh walijifunza jambo hili kwa gharama kubwa. Tangu miaka ya 1970 walichimbiwa visima vya bomba kwa mamilioni, ili waachane na maji ya madimbwi yaliyowaletea kuhara. Nia ilikuwa njema. Lakini arseniki, sumu iliyokuwamo ardhini, haikupimwa, na ilipogunduliwa mwaka 1993 watu walikuwa wamekwisha kuinywa miaka na miaka.

Basi tuchague vipimo kwa kutazama mahali. Kila chanzo kipimwe kwanza bakteria wa kinyesi, aitwaye E. koli, ambaye Shirika la Afya Duniani lataka asipatikane hata mmoja katika mililita 100. Kipindupindu na homa ya matumbo hupitia njia hiyohiyo. Kipimo hiki kirudiwe, hasa mvua zinapoanza. Tena sampuli ichukuliwe hata mtungini, kwani maji mengi huchafuliwa njiani na kwa kata isiyooshwa. Penye choo au zizi karibu na kisima, tuulize naitreti, iliyo hatari kwa wachanga wanaonyweshwa maziwa ya kopo. Chumvi ya pwani ulimi utaitambua bila malipo.

Floridi, penye ardhi ya volkano, ipimwe kabla pampu haijafungwa, si baada ya sherehe ya ufunguzi. Na akina mama waelezwe wazi: kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi floridi, maji yakipungua chunguni, hiyo huzidi kukolea.

Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu vijijini hadi miligramu 8, baadaye 4, kwa hoja kwamba maji mengine hayakuwapo. Twaielewa hoja hiyo. Hata hivyo mifupa ya mtoto haikungoja bajeti.

Viongozi wa jumuiya ndogondogo, ombeni nakala ya majibu ya maabara. Someni jina la chanzo, tarehe ya sampuli na orodha ya vilivyopimwa. Kama floridi haimo na kijiji chenu kiko chini ya Meru, irudisheni karatasi hiyo kwa heshima, mkaombe sampuli ichukuliwe upya.